Gitaa Lilikuwa la Chama: Miaka Sitini ya Msondo na Deni Lake kwa Uzaramo

Bendi nyingi zilizoanzishwa na vijana katika miaka ya 1960, popote duniani, zilikufa changa. Kule Amsterdam, The Outsiders ya Wally Tax, iliyokuwa ikitingisha kumbi za Uholanzi kwa muziki wa magitaa yenye kelele, ilivunjika mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya kutoa albamu yao ya *CQ*. Wenzao wa Den Haag, Golden Earring, ndio waliojitahidi kuliko wote. Walianza mwaka 1961 na kufunga mwaka 2021, kiini cha bendi kikiwa watu wanne wale wale tangu 1970. Lakini tazama walivyofunga: mpiga gitaa George Kooymans alipatikana na maradhi yasiyo na tiba, na hapo hapo bendi nzima ikawa imekwisha, kwa sababu bendi ilikuwa ni wao wanne na si kitu kingine. Dar es Salaam nako, mwaka 1964, ilizaliwa bendi ambayo imeshabadilisha jina mara tatu, imezika waimbaji wake wakubwa mmoja baada ya mwingine, imekimbiwa na nyota wake zaidi ya mara moja, na imevuka miaka 60 ikiwa bado inapanda jukwaani. Ilianza kama NUTA Jazz, ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Hoja ya makala haya ni kwamba haikudumu kwa bahati, wala kwa sababu wanamuziki wake walipendana kuliko wa bendi nyingine. Ilidumu kwa sababu tangu siku ya kwanza ilikuwa mahali pa kazi: vyombo vilikuwa vya taasisi, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na kilichojaza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa kilitoka kwa watu wanaoishi nyuma ya jiji, upande wa Kisarawe na Kibaha.

Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi. Serikali, iliyohisi kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa karibu mno na waasi, ilivunja shirikisho la zamani la vyama hivyo, na mwezi uliofuata sheria ikaunda chama kimoja tu cha wafanyakazi wa nchi nzima, NUTA. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo waziri wa kazi. Fedha za chama zilitokana hasa na ada iliyokatwa moja kwa moja kwenye mshahara wa mwanachama. Jambo hili la kihasibu huwa halitajwi katika simulizi za muziki, nalo ndilo lenye uzito. Kuli wa bandarini na mkata mkonge, bila kuulizwa, walikuwa wakichangia kununua magitaa, amplifaya, tumba, saksofoni na tarumbeta. Bendi iliyoundwa mwaka ule ule haikuwa ya Kamaliza wala ya mpiga solo. Miaka michache baadaye Kamaliza mwenyewe alitiwa hatiani katika kesi ya uhaini ya 1970 na 1971, na bendi haikutikisika.

Kwa nini ilibidi vyombo viwe vya taasisi? Jibu liko kwenye bei. Kijana wa Kiholanzi wa mwaka 1964 aliweza kwenda dukani na kununua gitaa la bei nafuu la kiwanda cha Egmond, kiwanda cha nyumbani kwao, ambacho magitaa yake yaliuzwa hadi Uingereza. Gitaa la kwanza la George Harrison wa Beatles lilikuwa la huko. Kwa Mtanganyika wa umri huo, gitaa la umeme lilitoka ng'ambo, lililipiwa kwa fedha za kigeni, na halikuwa na maana yoyote bila amplifaya, vipaza sauti, umeme, gari la kubebea na fundi wa kutengeneza vinapoharibika. Ndiyo maana bendi za kabla ya NUTA zilihitaji mfadhili au ushirika wa watu wa kwao. Kilwa Jazz, Rufiji Jazz, Western Jazz ya akina Iddi Nhende wa Nzega: majina yenyewe yanaonyesha kwamba watu waliokutana mjini waliungana kwa asili zao ili wapate kile ambacho mtu mmoja asingekipata. NUTA ilichukua mtindo huo wa kuchangiana na kuubadilisha msingi. Badala ya waliotoka sehemu moja, wakachangia wanaokatwa ada moja. Baada yake mlango ukafunguka: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya jeshi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, na baadaye Bima Lee ya Shirika la Bima. Orodha ya bendi za Tanzania ya miaka ya 1970 ukiisoma haraka utadhani ni orodha ya waajiri.

Fikra hiyo haikuwa ya muziki peke yake, na mfano wake wa karibu zaidi uko Kibaha. Januari 1963, kilomita kama 40 kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro, ulizinduliwa mradi mkubwa wa nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden: shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima, kituo cha afya. Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo lipo hadi leo. (Ulaya ya miaka ya 1960, kwa hiyo, iliwafikia watu wa Kibaha kwa maabara, vitabu na ufugaji wa kuku, wakati vijana wa huko Ulaya walikuwa wakifuga nywele.) Shirika na bendi vina historia tofauti kabisa, lakini vimejengwa juu ya dhana moja, kwamba kifaa ambacho hakuna mtu mmoja anayeweza kukinunua kimilikiwe na chombo kitakachobaki baada ya walioanzisha kuondoka. Anayeona ajabu kwamba chama cha wafanyakazi kilimiliki saksofoni, na aone ajabu vile vile kwamba shule ilimiliki darubini.

Umiliki wa vyombo, hata hivyo, unaeleza tu kwa nini bendi haikufa. Hauelezi kwa nini watu waliipenda. Hapo ndipo tunapovuka vilima vya Pugu na kuingia Kisarawe, ndani ya Uzaramo, nchi ya Wazaramo. Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, wilayani Kisarawe. Wasomaji wa mjini wasikichanganye na mtaa wa Masaki wa majumba ya kifahari. Alipitia Kilimanjaro Chacha, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya kuingia NUTA Jazz mwaka 1964. Sauti yake haikuwa ya kupaa wala ya kubembeleza. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayesema jambo barazani, akiweka kila neno mahali pake, akisubiri lieleweke kabla ya kuleta linalofuata. Bendi nayo ilijulikana kwa mtindo wake, msondo, na msondo ni ngoma ndefu ya kusimama inayofahamika vizuri Uzaramo na pwani, ngoma ya shughuli za mwali, inayopigwa na kuchezwa na kina mama. Bendi yenye vyombo vya umeme iliyokuwa chini ya chama chenye mizizi katika siasa za kisasa kabisa ilichagua kujitambulisha kwa chombo cha unyago. Miaka 14 baadaye, baadhi ya wanamuziki wake walipoanzisha Mlimani Park, nayo ilichukua jina la mtindo kutoka ngoma nyingine ya Wazaramo, sikinde. Upinzani mkubwa kuliko wote katika muziki wa dansi nchini, Msondo na Sikinde, ni upinzani wa ngoma mbili za Uzaramo, hata pale ambapo waliokuwa jukwaani walitoka Mara, Tanga au Kigoma.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jina tu. Kwamba ukiondoa jina, unabaki na rumba ya Kikongo, nayo ilijifunza kwenye sahani za santuri kutoka Kuba, na kwamba msondo wa kina mama haupo kabisa ndani ya muziki wenyewe. Pingamizi hili si la kupuuzwa, maana magitaa ya NUTA Jazz yalisikiliza sana Leopoldville. Ila tusikilize jinsi wimbo wa Msondo unavyojengwa. Unaanza polepole, tarumbeta na saksofoni zikifungua kwa pamoja, kisha mwimbaji anaeleza kisa: mke aliyeondoka, ndugu aliyesahau kwao, mzazi anayeusia. Beti zinajibiwa na waitikiaji. Hakuna haraka, anayesikiliza anapewa nafasi ya kukaa chini na kukijua kisa chote. Halafu, katikati au mbele kidogo, wimbo unageuka. Magitaa yanapishana, solo, la pili na ridhim, kila moja likishika kipande chake kifupi na kukirudia bila kuchoka, tumba zinapanda, maneno yanapungua hadi yanabaki miito mifupi, na wachezaji wanaingia. Sehemu hii ya kuchemka Wakongo nao wanayo, kwa namna yao. Lakini uwiano wa maneno mazito kwanza na mwili baadaye, mafundisho kwanza na mchezo baadaye, ni uwiano ambao mtu aliyehudhuria shughuli ya mwali Kisarawe hakuhitaji kufundishwa na bendi ya mjini. Sidai kwamba gitaa la Said Mabera, aliyejiunga mwaka 1973 akitokea upande wa Mara, lilikuwa la Kizaramo. Ninachodai ni kwamba hadhira iliyolisikia ilikuwa na sikio lililokwisha kufundwa, na bendi iliyoishi kwa kiingilio cha mlangoni ilibidi ilifuate sikio hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la siasa. Bendi iliyomilikiwa na chama pekee kilichoruhusiwa, katika nchi ya chama kimoja, itakuwa nini kama si kipaza sauti cha serikali? Ni kweli kwamba NUTA Jazz iliimba sifa za viongozi, iliimba Azimio la Arusha, iliitwa kwenye sherehe na ikaenda. Kazi ilikuwa kazi. Ni kweli pia kwamba mfumo uliowalea hawa uliwabana wengine. Mwalimu Nyerere, alipoanzisha wizara ya utamaduni Desemba 1962, alisikitika kwamba wengi wanaijua rumba, chacha, twist na roki, ila hawaijui gombe sugu wala lelemama. Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana, na kufikia Novemba mwaka huo mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao ndani yake Dar es Salaam yenyewe ilihesabiwa wakati ule, alipiga marufuku muziki wa soul. Waliokaribia zaidi vijana wa Amsterdam na Den Haag, yaani makundi ya vijana wa mjini kama The Sparks na The Rifters, waliopiga nyimbo za Kiingereza kwa wacheza dansi wa rika lao, walijikuta wakishukiwa. Kwao hapakuwa na taasisi ya kuwakingia kifua. Hili ni doa, na historia ya kumbukumbu isiyolitaja inakuwa hotuba ya mgeni rasmi. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba Msondo ilikuwa propaganda ni kuruka hatua. Nyimbo za Azimio zilipigwa, zikaisha na msimu wake. Zilizobaki vinywani ni zile za ndoa, talaka, wosia na usaliti, na hizo hakuna ofisi iliyoziagiza. Mwajiri alitaka bendi iwe ya wafanyakazi, na wafanyakazi walipotoka kazini Jumamosi hawakutaka kuhubiriwa uzalishaji. Pale chama na wapenzi walipotofautiana, mapato ya mlangoni yalisema.

Hoja yangu inapata mtihani wake halisi mwaka 1978. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa imebadilika, NUTA ikawa JUWATA baada ya kuzaliwa kwa CCM mwaka 1977, na bendi ikafuata jina. Ndipo ilipoanzishwa Mlimani Park, na pamoja na wanamuziki kutoka Dar International, ikawachukua Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, na Hassan Rehani Bitchuka naye akawa sauti ya huko. Kwa bendi ya Ulaya pigo la namna hii lingekuwa maziko. Ondoa mwimbaji kiongozi na mpiga solo wa bendi ya watu watano, kinachobaki ni ugomvi wa nani abaki na jina. Juwata Jazz ilibaki na vyombo, jina, ukumbi na mishahara. Ikaajiri. Miongoni mwa waliokuja baada ya hapo alikuwa TX Moshi William, mtu wa Tanga, aliyekuja kuwa sauti ya Msondo kwa kizazi kizima hadi alipofariki Machi 2006. Na waliohama walihamia wapi? Kwenye taasisi nyingine. Mlimani Park ilianzia chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka walijaribu njia ya tatu, Orchestra Safari Sound iliyomilikiwa na mfanyabiashara, wakaleta mtindo wa Ndekule uliopendwa sana. Safari Sound haipo leo. Sikinde na Msondo zipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo alirudi pale pale alipoanzia, kwa mwajiri wa zamani mwenye jina jipya tena, OTTU.

Anayepinga atakuwa ameshaiona karata yake bora. Kama taasisi ndiyo iliyoihifadhi bendi, mbona bendi imeendelea baada ya taasisi kujiondoa? Vyama vingi vilipoanza na uchumi ukafunguliwa, vyama vya wafanyakazi vilipata uhuru wao, ada za lazima zikapoteza nguvu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bendi ikabaki mikononi mwa wanamuziki wenyewe, kwa jina ambalo wapenzi walikuwa wakiliita siku zote. Nakiri kwamba kuanzia hapo gitaa si la chama tena. Ila kitu kilichokabidhiwa hakikuwa kundi la marafiki. Kilikuwa shirika lenye taratibu za miaka karibu 40: kuna kiongozi wa bendi na msaidizi wake, siku za mazoezi, faini ya anayechelewa, mpangilio wa nani anaanza na wimbo gani, chipukizi anayekaa nyuma miaka kadhaa akiitikia kabla ya kupewa wimbo wake. Shaaban Dede aliyeimba huko na kwingine kwa miongo alifariki Julai 2017 akiwa mwana Msondo. Wiki zilizofuata bendi ilipanda jukwaani, kwa sababu nafasi ya mwimbaji ni nafasi, na nafasi hujazwa. Linganisha na Den Haag. Hakuna anayeweza kuwalaumu Golden Earring kwa kukataa kumweka mtu mwingine mahali pa Kooymans. Kwao huo ulikuwa uaminifu. Kwa Msondo uaminifu ni kutoahirisha dansi.

Lakini mfumo huo ulimlipaje aliyeutumikia? Hapa hoja yangu inabeba mzigo mzito zaidi kuliko wa propaganda. Mwanamuziki mwajiriwa alipata mshahara, na wimbo aliotunga ulirekodiwa Radio Tanzania kwenye mkanda, ukapigwa hewani mwaka baada ya mwaka, na yeye akabaki na mshahara wake. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Zilizotoka zilipitia Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikaziba. Sheria iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilikuja mwaka 1999, miaka 35 baada ya bendi kuanza. Gurumo alistaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani, na habari kubwa ya kustaafu kwake ilikuwa gari alilopewa zawadi na mwimbaji kijana, Diamond Platnumz. Ilikuwa heshima ya dhati. Ilikuwa pia hesabu ya aibu kwa nchi nzima, kwamba mtunzi wa kiwango kile alihitaji hisani ya mtu wa umri wa wajukuu zake. Alifariki Aprili 2014 na kuzikwa kwao Masaki. Taasisi iliyojua kuhifadhi vyombo haikujua kumhifadhi mtu, na sababu ni ile ile iliyoifanya idumu: ilijengwa ili mtu yeyote aweze kuondoka bila kazi kusimama.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mgogoro ulioipeleka Msondo kwenye kurasa za mbele mwaka 2018 ulihusu umiliki. Bendi ililidai kundi la Wasafi la Diamond fidia kwa kutumia kipande cha wimbo wake "Ajali" ndani ya "Zilipendwa". Baadhi ya vijana waliona ni ubahili wa wazee, kwamba wangefurahi kukumbukwa. Wamesahau bendi hii ilivyozaliwa. Mwaka 1964 kitu cha thamani kilikuwa amplifaya, na palikuwa na daftari la kuonyesha ni ya nani. Sasa amplifaya inanunulika Kariakoo kwa yeyote mwenye akiba kidogo, na kitu cha thamani kimekuwa sekunde chache za saksofoni zilizorekodiwa na waajiriwa ambao wengi wao wamekwisha kufa. Msondo ilidai kwa jina la bendi, kama chama kingedai, na swali la kiasi gani cha dai kama hilo kingewafikia warithi wa waliopuliza saksofoni na tarumbeta ni la katiba ya bendi na la COSOTA. Bendi yenye miaka 60 inapaswa kuwa na jibu lake kwa maandishi, na nakala yake ifike Masaki.